Kushuka na mtu nyuma yako

Mdogo wangu alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, nikapokea gizani, na kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kioo cha simu ni goti lake, theluji ikiyeyuka juu ya suruali. Kwao Montréal ilikuwa saa nne usiku. Ndio kwanza anatoka mlimani.

"Yaya," akaniita, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake kwetu, "nimeanguka."

Nikakaa wima kitandani. Huu ni mwaka wangu wa 11 wa kujitolea katika huduma ya kwanza hapa Goma, na nikisikia neno hilo mkono hutafuta mkoba wa bandeji kabla kichwa hakijauliza swali. Nikamwuliza ni mguu gani.

"Hapana, si mguu. Nimeanguka mtihani."

Ulikuwa mtihani wa kuingia patroli ya skii, wale waokoaji wa milima ambako watu wanateleza juu ya theluji. Huyu ni mtoto wa mama mdogo. Aliondoka Birere, mtaa wa hapa Goma, akiwa na miaka 12, na huko ugenini akajifunza kuteleza juu ya theluji kama sisi tulivyojifunza kuogelea ziwani Kivu, kwa kusukumwa na wenzake. Anajua skii mbili, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, anajua na ule ubao mmoja ambao mtu anausimamia kiubavu, na ana mbio za kutisha. Nimeziona video zake. Aliposikia kwamba patroli ya Kanada inapokea watu wa kujitolea, aliona kazi imekuja kumtafuta nyumbani. Wazee wawili waliomsimamia wakamtazama, wakaandika, wakamwambia arudi baada ya wiki kadhaa.

Nilikasirika kwa niaba yake. Halafu akaanza kunieleza walimpima nini hasa, na kadiri alivyoeleza hasira ikawa inanitoka, kwa sababu alichokuwa ananielezea ni siku yangu mbaya kuliko zote pale Nyiragongo, volkano yetu.

Najua kuna msomaji atauliza theluji inatuhusu nini sisi tunaokanyaga mawe meusi ya volkano toka utoto. Asubuhi ikitakata baada ya mvua ya usiku, aamke mapema atazame upande wa mlima Karisimbi. Kuna siku kilele kinaonekana cheupe, na husemwa kwamba hata jina lenyewe limetoka kwa isimbi, ile simbi nyeupe. Ni mita 4,507. Mwaka 1908 mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alikuwa huko juu na msafara wake, dhoruba ya mvua ya mawe na theluji ikawakuta, na wapagazi wapatao 20 wakafa kwa baridi. Walikuwa watu wa kuajiriwa kubeba mizigo ya wengine, na hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kuwashusha wao. Nikisoma habari za milima ya wenzetu yenye lifti za viti na patroli wenye makoti mekundu, mawazo yangu huwa kwa hao 20.

Sasa patroli yenyewe. Ni wale watu wenye msalaba mweupe mgongoni unaowakuta kwenye miteremko ya skii. Asubuhi wanatangulia kabla ya wageni, wanafunga kamba palipo hatari, na kwenye milima mikubwa wanaangusha maporomoko ya theluji kwa baruti ili yasije yakajiangusha yenyewe mchana juu ya watu. Jioni wanashuka wa mwisho wakihakikisha hakuna aliyebaki. Katikati ya hayo kuna kazi ambayo ndiyo inayowaita watu wengi kujiunga, nayo ni kumshusha aliyeumia.

Wanamshusha kwa sleji. Fikiria mtumbwi mfupi, mwepesi, chini yake umebandikwa mapezi ya chuma yanayouzuia kwenda kiubavu. Mbele una mikono miwili mirefu. Mwanapatroli anasimama kati ya mikono hiyo, uso wake kwenye bonde, mgonjwa nyuma yake, na wote wanateremka. Mteremko ukizidi anaangusha mnyororo uliofungwa chini ya sleji, unakwaruza theluji na kushika. Pengine panakuwa na mtu wa pili nyuma, ameshika kamba ya mkiani. Huyu wa nyuma ndiye anayezuia sleji isichepuke kuelekea bondeni wanapokata mteremko kwa upande. Kamba anaishika kwa kiganja, haizungushi mkononi, kwa sababu siku atakayoteleza lazima aweze kuiachia.

Basi kwa kazi hiyo, mtu anatakiwa ajue kuteleza kwa kiwango gani?

Mdogo wangu alidhani watapima mbio. Aliwaza kona za kuvutia, zile ambazo skii zote mbili zinakwenda sambamba na theluji inaruka nyuma kama vumbi. Kona wanazitaka, ndiyo. Wanataka uziunganishe bila kukatika, kushoto na kulia zikiwa sawa, kwenye theluji laini, kwenye barafu, kwenye theluji iliyolowa na kuganda tena, kwenye vinundu vilivyochimbwa na wateja wa siku nzima. Ufaransa, ambako kazi hii ina cheti cha taifa chenye daraja tatu, hata mafunzo huyaanzi kabla hujapita jaribio la kuteleza. Lakini muda mrefu zaidi wale wazee wawili walimwangalia akifanya jambo ambalo hakuna mtu analirekodi video: kuteleza ubavu.

Kuteleza ubavu ni hivi. Unasimama umeukatia mteremko, skii zimelala kama ngazi, kingo zake za chuma zimeuma theluji. Ukilegeza magoti kidogo kuelekea bondeni, kingo zinaachia, unaanza kushuka ulivyosimama. Ukirudisha magoti kuelekea mlimani, zinauma tena, unasimama. Huo ndio ujuzi wenyewe, na unaonekana mdogo mpaka uambiwe ushuke hivyo ndani ya njia nyembamba, bila kwenda mbele wala kurudi nyuma, polepole, na usimame pale hasa unaposikia "simama". Baada ya hapo unageuka, unarudia kwa upande mwingine. Baada ya hapo wanakuagiza ushuke ukienda mbele na nyuma kama jani linaloanguka kutoka mtini, hujageuka hata mara moja.

Mdogo wangu upande wa kushoto alipita. Upande wa kulia alikuwa anasimama mita mbili chini ya pale alipoambiwa.

"Mita mbili tu, yaya!"

Nikamwuliza, hizo mita mbili, mgonjwa akiwa amelala chini yako, ziko wapi? Akanyamaza. Baadaye akasema kwamba mzee mmoja alimwambia jambo hilohilo: sleji haiegeshwi juu ya mgonjwa, na mtu asiyeweza kusimama anapotaka hapaswi kuwa mahali popote juu ya mtu aliyelala. Mwanapatroli anayefika wa kwanza huchomeka skii zikiwa zimepandana kama msalaba upande wa juu wa mgonjwa, ili wanaoshuka wakwepe. Halafu yeye mwenyewe ndiye aje apite juu ya mstari aliouweka?

Hapo ndipo ikanibidi nimsimulie ya kwangu. Sikuwahi kumweleza.

Mafunzo yangu ya kwanza yalichukua siku tatu kwenye ukumbi wenye vigae. Tulifundishwa kufunga mfupa, kuzuia damu, kugeuza mtu mwenye shaka ya uti wa mgongo, na yote hayo tulifundishwa vizuri, nashukuru mpaka leo. Kubeba machela tulifanya mara mbili, tukivuka ukumbi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nikapewa cheti chenye mhuri. Hakuna aliyeuliza kama naweza kutembea na uzito wa mtu kwenye mteremko, na mimi sikujua kwamba ni swali la kuuliza.

Miezi michache baadaye, miaka ile njia ya Kibati ilipokuwa wazi kwa wageni, tuliitwa kumshusha mwanafunzi aliyekuwa amevunjika kifundo cha mguu. Anayeijua njia ya Nyiragongo anaijua ile sehemu ya kokoto za volkano, nyepesi, za mviringo, zinazokimbia chini ya kiatu kama mbegu za maharagwe juu ya sakafu. Tulikuwa sita. Wa mbele alikuwa kijana mwenye nguvu kuliko sote na alikuwa anaharakisha, kwa huruma, kwa sababu mgonjwa alikuwa analia. Mimi nilikuwa nyuma. Nilihisi mikono inavutwa na miguu haiwahi. Nilitaka kusema "simama", nikaona haya, nikidhani nitaonekana mdhaifu. Kokoto zikaniondoka. Nilikaa chini kwa kishindo, machela ikainama mbele, na yule kijana wa watu akateleza toka kwenye blanketi, mguu uliovunjika ukitangulia.

Mlio alioutoa bado ninao. Mguu wake ukapata jeraha la pili, na hilo hakutiwa na mlima, tulimtia sisi. Nilikuwa na cheti mfukoni.

Aliyenifundisha kushuka ni mwenye chukudu. Papa mmoja wa Kibumba ambaye kwa miaka alishusha viazi na kabichi mpaka sokoni, na ambaye nilimfuata kwa makusudi baada ya siku ile. Wasomaji wa mbali wanaijua chukudu kwa picha ya ile sanamu yetu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, mzunguko wa barabara. Sisi tunaijua kwa mlio wake. Ni magogo ya mkaratusi yaliyochongwa, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, usukani kama pembe za ng'ombe, na mzigo wa kilo mia kadhaa unaotaka kufika Goma kabla yako. Breki ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma, unakikandamiza kwa kisigino.

Papa hakunipandisha chukudu siku ya kwanza. Alinitembeza ubavuni mwake toka Kibumba kuja Kanyaruchinya, akinionyesha mahali anapoanza kukandamiza. Nilitegemea aanze pale barabara inapoinama. Alikuwa anaanza hatua 20 kabla, barabara ikiwa bado tambarare. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Hapa mimi ndiye niko nabeba muzigo. Pale chini, muzigo ndio utaanza kunibeba." Halafu akanionyesha kisigino chake. Ngozi ya pale ilikuwa ngumu kama kiatu.

Nilipomsimulia mdogo wangu hilo, alicheka kwa furaha, akasema mwalimu wake wa sleji anafundisha vilevile: mnyororo unaangushwa kabla ya mteremko, maana sleji ikishapata mwendo, mnyororo unachelewa kusaidia. Na akaniambia jambo lingine lililonipendeza sana. Mwenye ubao mmoja akifika kwenye tambarare hawezi kuendelea kama mwenye skii, ambaye ana vijiti viwili vya kusukumia. Inabidi afungue mguu wa nyuma, auache wa mbele umefungwa, asukume chini kwa ule uliofunguliwa. Wenzake Wakanada walihangaika kuujifunza mwendo huo. Yeye aliusukuma kama mtoto wa Birere anayesukuma chukudu kwa mguu mmoja akienda kuchota maji, na mwalimu akamwuliza amejifunzia wapi.

Suala hili la ubao nalitaka lieleweke, kwa sababu lilikuwa na ubishi mrefu. Miaka ya 1980 vituo vingi vya skii vilikuwa vinaukataza kabisa, seuze kumkabidhi mwenye nao mgonjwa. Hoja ya wapinzani haikuwa chuki tupu. Mwenye skii anaweza kuelekeza kifua bondeni, akafungua skii zake kama kabari, na kuwa breki akiwa amesimama wima kati ya mikono ya sleji. Mwenye ubao amekaa kiubavu, miguu yote imefungwa pamoja, na wakati wote lazima awe juu ya ukingo mmoja au mwingine, wa visigino au wa vidole. Akiwa kwenye visigino anaona bonde, mgonjwa yuko mgongoni. Akiwa kwenye vidole anamwona mgonjwa, bonde liko mgongoni. Basi akitaka kuwa mwanapatroli anapimwa pande zote mbili, na hapewi nafuu. Kipimo hakiulizi una nini miguuni. Kinauliza kama sleji imefika, imefika wapi, na mtu aliyekuwa ndani yake alisafiri vipi. Nadhani hilo ni la haki, na walio na ubao wameshalithibitisha.

Hata mgonjwa analazwaje kwenye sleji kuna fikra ndani yake. Mara nyingi upande ulioumia unawekwa juu mlimani, ili uzito wa mwili usiukandamize njiani. Aliyevunjika mguu anashuka kichwa kikitangulia. Mwenye shida ya kupumua anageuzwa, kichwa kinabaki juu. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka yule mwanafunzi. Sisi tulimtanguliza mguu.

Patroli hizi zimezaliwa kutokana na siku mbaya kama ile yangu. Mwanzoni mwa mwaka 1936, huko Stowe, jimbo la Vermont, Mmarekani aitwaye Charles Minot Dole alianguka kwenye theluji iliyolowa mvua akavunjika kifundo cha mguu. Hapakuwa na wa kuwaita. Rafiki zake walitafuta chochote cha kumshushia, wakapata bati la kuezekea, wakamlaza juu yake, wakamburuta. Mmoja wa rafiki hao alikuwa Frank Edson. Miezi michache baadaye Edson akafa kwa ajali kwenye mashindano ya skii. Dole akaanza kuuliza watu maswali juu ya usalama, na mwaka 1938 ikaanzishwa patroli ya taifa ya Marekani, yeye akiiongoza. Kanada walifuata mwaka 1940, kazi akipewa daktari Douglas Firth.

Sisi watu wa Goma bati tunalijua. Tarehe 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021, tuliona watu wameezua nyumba zao na kukimbia na mabati kichwani, lava ikija nyuma. Tuliona pia wagonjwa na wazee wakibebwa juu ya milango, juu ya magodoro, juu ya chukudu. Kwa hiyo nikisoma habari ya Dole juu ya bati sioni ajabu ya Wazungu. Naona jirani. Tofauti ni kwamba wao, baada ya bati, walikaa wakaandika: anayeshusha mtu lazima aweze hiki, na hiki, kwa upande wa kushoto na wa kulia, na tutamwangalia akifanya. Tena walikubali kumwambia kijana mzuri, mwenye mbio na moyo safi, kwamba bado.

Hilo la kuambiwa bado ndilo ninalolitaka hapa kwetu, na sitaki kulizungushazunguka. Watu wa kujitolea ni watu wa kupenda. Ni vigumu kumwambia mtu aliyekuja bila malipo, aliyeacha biashara yake, kwamba hawezi kubeba leo. Tunaona kama tunamtukana. Lakini aliye kwenye machela hakujitolea, hakuchagua nani ashike nyuma. Mimi nilitakiwa kuambiwa bado pale ukumbini, na ningeambiwa, mwanafunzi yule angekuwa na jeraha moja.

Kwa hiyo tumeanza, watu wachache, bila mhuri wala barua. Jumapili mchana tunakwenda kwenye kilima kimoja njia ya Sake, chenye kokoto zinazokimbia kama zile za mlimani. Machela yetu ni ya miti miwili na turubai. Kwanza mtu anashuka peke yake, polepole, kiubavu, kulia na kushoto, na anasimama anapoambiwa. Asiyeweza peke yake habebi. Kisha tunabeba mfuko wa mchanga, na juu ya mfuko tunaweka beseni la maji. Wazo la beseni ni la Papa wa Kibumba. Wa nyuma ndiye mwenye sauti. Wa mbele anaona njia, lakini neno "simama" ni la nyuma, na likisemwa hakuna anayeuliza kwa nini.

Mdogo wangu alirudi kwa wale wazee wawili mwezi wa tatu. Alinitumia video ya dakika nne. Hakuna theluji inayoruka. Yuko kati ya mikono ya sleji, magoti yamekunjwa, anashuka taratibu mpaka nikadhani simu yangu imekwama. Ndani ya sleji amelala mmoja wa wale wazee, ndiye mgonjwa, blanketi mpaka kidevuni. Mahali fulani katikati anasimama, hakuna aliyemwambia, anaangusha mnyororo. Mbele yake bado ni tambarare.

Jumapili iliyofuata niliwaambia wenzangu waondoe mfuko wa mchanga, nikalala mimi. Beseni wakaniwekea kifuani. Aliyeshika nyuma alikuwa binti wa mwaka wa pili wa uuguzi, mwepesi kuliko wote. Ukiwa umelala chali kwenye machela huoni njia. Unaona mbingu, moshi wa Nyiragongo ukitembea, na vidole vya mtu aliyekushika. Nilisikia kokoto zinaanza kukimbia chini yetu, na kabla sijakaza mwili nikasikia sauti yake, haikuwa kubwa:

"Simama."

Wote sita wakasimama. Maji yalitikisika, yakagusa ukingo wa beseni, yakarudi. Alipanga miguu yake upya, mmoja, halafu wa pili, bila haraka, nasi tukamngoja.